J: namba za tarakimu 20 zinabadilika mwishoni, halafu ~. inanimezea watu

mpenda_safu:
Wakuu habari za usiku. Najua humu wengi ni watu wa Python na Java ila nimeshaona wawili watatu wanaogusa APL na J, zile lugha za safu, basi nikasema niitupe hapa. Natumia J ya biti 64, najifunza mdogo mdogo, na nimeipenda kwa sababu kazi ya mistari hamsini inakaa kwenye mstari mmoja. Shida yangu ni namba kubwa. Cheki hii, tatu 39 halafu tatu 40 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe:

   */39#3
4052555153018976267
   */40#3
1.21577e19

Ya kwanza iko sawa nimeihakiki kwa karatasi. Ya pili nikadhani ni namna ya kuonyesha tu, nikailazimisha iteme tarakimu zote:

   0j0 ": */40#3
12157665459056928768

Sasa hiyo inaishia na 8. Tatu ukiizidisha kwa tatu mpaka kesho haiwezi kuwa shufwa, hilo ni la shule ya msingi. Na J haijalalamika popote, imekaa kimya kama vile jibu ndio lenyewe.

Ningeachana nalo maana ni zoezi, ila kuna orodha ya wanachama wa saccos moja nasaidia kuisafisha na safu mojawapo ni namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), zile za tarakimu 20. Nasoma faili kwa readcsv, nageuza safu kuwa namba kwa ".&> halafu napiga #~. (~. inaondoa wanaojirudia, # inahesabu) nijue wako wangapi wasiojirudia. Napata pungufu watu kama thelathini hivi. Nimewakagua kwa macho, majina tofauti, namba tofauti, ila J anasema ni mtu mmoja. Haya mawili ni ugonjwa mmoja au kila moja na lake? Natanguliza shukrani.

fundi_mkongwe:
Mkuu ni ugonjwa mmoja ila huko kwenye ~. kuna kidonda cha pili juu ya cha kwanza, nitakirudia.

Namba kamili ya kawaida ya J inakaa kwenye biti 64, mwisho wake ni 9223372036854775807. Tatu kwa kipeo cha 39 bado inaenea humo. Kipeo cha 40 kinapita, na J ikiona imepita haikatai wala haizunguki kwenda hasi, inarudia hesabu nzima kwa floti, yaani namba ya desimali ya kukadiria. Floti nayo ina biti 53 tu za kushika tarakimu, yaani ukishapita 9007199254740992 inaanza kuruka namba. Ukifika huko kwenye 12 yenye sifuri kumi na nane, floti mbili zinazofuatana zimeachana kwa 2048. Hakuna kitu katikati. Jibu la kweli ni 12157665459056928801, floti iliyo karibu nalo kuliko zote ni hiyo uliyoipata inayoishia 768, umepunjwa 33. Na ndio maana imetoka shufwa, floti zote za ukubwa huo ni shufwa, hazina namna.

Usiamini skrini, muulize J mwenyewe ni aina gani:

   3!:0 (*/39#3)
4
   3!:0 (*/40#3)
8

4 ni namba kamili, 8 ni floti. Dawa ni herufi moja:

   */40#3x
12157665459056928801
   3!:0 (*/40#3x)
64

Hiyo x inamwambia J hii ni namba kamili isiyo na kikomo, itakua mpaka kumbukumbu ya mashine iishe. 64 ndio aina yake. Ila sikiliza hapa maana ndipo wengi wanapoteleza: x inawekwa MWANZONI, kabla hesabu haijaanza. Kuna x: ambayo inageuza namba iwe ya aina hiyo, watu wanafanya hesabu yote kwa floti halafu mwishoni wanabandika x: wakitegemea tarakimu zirudi. Hazirudi. Utapata namba ndefu yenye sura nzuri na mkia wa uongo, na hiyo ni mbaya kuliko 1.21577e19 ambayo angalau inakuonyesha kwamba kuna kitu kimekatwa.

Halafu hizi ni lugha za safu, safu nzima ina aina moja. Inasaidia na inaumiza. Inasaidia hivi, x moja tu inatosha kwa orodha yote:

   !20 25 30x
2432902008176640000 15511210043330985984000000 265252859812191058636308480000000

Inaumiza hivi: chukua orodha ya namba za x elfu kumi, unganisha 0.5 moja mwishoni, zote elfu kumi zinageuka floti papo hapo. Samaki mmoja akioza. Kama unataka nusu andika 1r2, hiyo ni sehemu kamili, haiharibu wenzake.

otis_nbi:
Niko Nairobi, natumia NumPy ya Python kila siku na nataka niseme nyinyi watu wa J mna bahati, nyinyi mnapata floti ambayo angalau ukubwa wake uko sawa. Sisi tunapata hii:

np.full(40, 3).prod()
-6289078614652622815

Hasi! Zidisha tatu chanya arobaini upate hasi, na hakuna onyo lolote. Inazunguka tu biti 64 ikijaa kama mita ya gari ya zamani. Na hiyo ni 64 ukiwa na bahati, kwenye Windows kabla ya NumPy 2.0 chaguo la kawaida lilikuwa biti 32 kwa hiyo programu ileile ilikuwa inatoa jibu moja kwa Linux na lingine kwa Windows, nimeona watu wakibishana ofisini kutwa nzima kila mtu ana ushahidi wake kwa skrini.

Yetu tunatibu kwa dtype=object:

np.full(40, 3, dtype=object).prod()
12157665459056928801

Hapo ndani kunakaa int za Python zenyewe ambazo hazina kikomo. Ila speed inakufa, unakuwa kama unaandika kitanzi cha Python tu.

mpenda_safu:
@fundi_mkongwe hapo nimekupata vizuri sana kaka, hiyo ya 33 imenifungua macho. Nasubiri kidonda cha pili. @otis_nbi pole ndugu yangu, hasi tena!

fundi_mkongwe:
Kidonda cha pili ni kulinganisha. J ikilinganisha floti inalegeza kidogo, haiulizi "ni sawasawa kabisa?" inauliza "zinakaribiana kiasi cha kutosha?" na kiasi chenyewe ni sehemu moja ya 2^44 ya namba iliyo kubwa. Kwa namba ndogo ni kitu kizuri, ndio kinachofanya 0.3 = 0.1+0.2 itoke 1 kama binadamu anavyotegemea. Kwa namba zako ni balaa. Piga hesabu: namba ya NIDA ya mtu wa miaka ya tisini ni kama 2 yenye sifuri kumi na tisa, gawa kwa 2^44, unapata kama milioni 1.1. Maana yake namba mbili zikiachana chini ya hapo J anaziona ni namba moja. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo wawili waliozaliwa siku moja, na namba zao zikatofautiana kwenye tarakimu sita za mwisho tu, basi kwa ~. ni mtu mmoja. Nenda kaangalie hao thelathini, naweka dau tarehe zao zinafanana.

Mtu atakwambia tumia ~.!.0 uondoe huo ulegevu. Itapunguza ila haitaponya, kwa sababu kwa ukubwa huo floti zenyewe zimeachana kwa 4096, namba mbili zinazofuatana zilishakuwa kitu kimoja tangu ". ilipozisoma.

Mfano ninaoupenda wa huu ulegevu ni wa namba za Mersenne. Kuna 2 kwa kipeo cha 67 toa 1. Lucas alishaonyesha mwaka 1876 kwamba sio namba tasa ila hakuna aliyejua vigawanyo vyake, mpaka Oktoba 1903 Frank Nelson Cole akasimama kwenye mkutano wa wanahisabati New York, na inasimuliwa kwamba hakusema neno, alikokotoa upande mmoja wa ubao, akazidisha upande wa pili, majibu yakalingana, akarudi kukaa, watu wakampigia makofi. Sasa jaribu kumhakiki Cole kwa J bila x:

   (193707721*761838257287) = _1+2^67
1

Safi sio? Sasa ondoa hiyo _1 (J anaandika hasi moja hivyo):

   (193707721*761838257287) = 2^67
1

Witiri sawa na shufwa! Cole angekuwa amekosea hata kwa milioni J angempigia makofi vilevile. Weka x:

   (193707721*761838257287x) = _1+2^67x
1
   (193707721*761838257287x) = 2^67x
0

Hilo ndilo jibu. Na siku hizi vigawanyo vyenyewe unaomba tu, q: _1+2^67x inakupa 193707721 na 761838257287 kabla hujanyanyua kikombe. Cole alisema ilimchukua jumapili za miaka mitatu.

Kwa faili lako, badala ya ".&> tumia hii:

   nida =: ".@(,&'x')&> safu

Inabandika x kwenye kila kamba ya herufi kabla ya kuisoma. Angalia tu seli tupu, maana seli tupu ukiibandika x inabaki x peke yake na J anaichukulia ni jina, hapo ndio atakulalamikia.

dada_wa_data:
Samahani naingilia. Kwa nini mnazigeuza kuwa namba?? Kuna siku mtajumlisha namba ya NIDA ya Juma na ya Asha? Mtatafuta wastani? Hizo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, ziacheni herufi. readcsv imeshakupa kila seli kwenye kiboksi chake kama maandishi, piga #~. hapohapo kwenye viboksi, maandishi hayana ulegevu wala floti, herufi moja ikitofautiana ni mtu mwingine. Hutahitaji x yoyote. Na sifuri za mbele hazipotei, kesho ukija kwenye safu ya simu zinazoanza na 07 utanikumbuka.

@otis_nbi nyie pia, dtype=str kwenye pd.read_csv na muachane na uint64, ile namba kamili ya biti 64 isiyo na hasi. Najua kuna atakayesema uint64. Inaishia 18446744073709551615, na tarakimu nane za mwanzo ni tarehe, kwa hiyo itamtosha mwanachama aliyezaliwa 1844 kurudi nyuma. Kama saccos yenu ina huyo mtu basi tuma picha.

Jambo lingine @mpenda_safu, hilo faili limepita Exceli? Exceli inashika tarakimu 15 tu, ukiandika au kufungua namba ya tarakimu 20 kwenye seli ya kawaida tano za mwisho inazifanya sifuri na ukihifadhi ndio imetoka hiyo. Kama namba zako zinaishia 00000 basi hata ukiweka x mia hakuna cha kuokoa, rudi kwa aliyekupa faili umwombe la mwanzo. Na tafadhali usije ukabandika namba za watu humu kuonyesha mfano, tunga.

fundi_mkongwe:
Dada kanipiga bao hapo, sina ubishi. Kwa vitambulisho afuate huyo. x ni ya pale ambapo kweli unazidisha.

apl_wa_zamani:
Niongeze upande wa Dyalog, APL ninayotumia, maana J na APL ni baba mmoja, Iverson, ila kwenye hili wameachana. Dyalog haina hata namba kamili za biti 64, za kwake zinaishia biti 32 halafu floti. Mpaka 2^53 hutagundua chochote kwa sababu floti bado inashika kila namba kamili, baada ya hapo yaleyale ya juu. ×/40⍴3 inatoa 1.215766546E19. Tunachofanya ni

      ⎕FR←1287
      ⎕PP←34
      ×/40⍴3
12157665459056928801

Hiyo 1287 ni floti ya desimali ya biti 128, inashika tarakimu 34, na ⎕PP ni tarakimu za kuonyesha. Kwa mahesabu ya pesa na vitu vya tarakimu ishirini na kitu inatosha kabisa na haina kelele, nimeitumia kwenye riba miaka mingi. Ila sio isiyo na kikomo, ukivuka 34 unarudi kulekule, 30! yenye tarakimu 33 inaingia, 40! hapana, hata ukitoa sifuri zake za mwisho. Ukitaka ndefu kuliko hapo kwenye maktaba ya dfns kuna nats ambayo inafanya hesabu kwa kamba za tarakimu, polepole lakini sahihi. Kwa hili J iko mbele, nakubali ingawa inaniuma.

otis_nbi:
@dada_wa_data hiyo ya 1844 imeniua 😂 nimeiscreenshoti.

mpenda_safu:
Nimerudi wakuu. Nimefanya alivyosema dada, viboksi bila kugeuza, watu wote wamerudi isipokuwa wawili ambao kweli wameandikwa mara mbili. Na hao walioungana nimewafuata mmoja mmoja, fundi ungeshinda dau, karibu wote tarehe ni ya 0701 mwaka uleule, nadhani ni wale wanaojua mwaka tu. Exceli haijapita, namba haziishii sifuri, nashukuru Mungu.

Sasa kwenye upande wa zoezi maana ndilo lililonileta. Nataka kuandika RSA ndogo ya kujifunzia (njia ya kuficha ujumbe kwa namba tasa kubwa), pale kuna namba inapandishwa kipeo kikubwa halafu unachukua baki. Nimeweka x kila mahali kama ulivyosema ila 3x^1000000006 imeganda, feni inalia nikaua programu. Nimekosa nini? Na mzizi wa pili wa namba ya x unarudi floti, huo nao nauokoaje?

fundi_mkongwe:
Hujakosa x, unaomba kitu kisichohitajika. Namba hiyo ina tarakimu kama milioni 477, unamwambia J aijenge yote halafu uitupe ubaki na baki. Matoleo ya karibuni ya J yanatumia maktaba ya GMP kwa hizi namba, ni kasi kweli, ila usimtume kubeba mzigo wa bure. Andika kipeo na baki kama kitenzi kimoja (kwenye J kitenzi ndio fanksheni):

   3 (1000000007&|@^) 1000000006
1

Ukiyaunganisha hivyo, m&|@^, J analitambua umbo lenyewe na anachukua baki kila hatua, namba haivimbi hata mara moja, jibu linatoka papo hapo. (1 ndio inatakiwa kutoka, 1000000007 ni namba tasa, ni kanuni ndogo ya Fermat.) Lakini ukiandika 1000000007 | 3x^1000000006 umemwambia jenga kwanza, ndio feni ikalia. Hapa hata x huhitaji kwa sababu 1000000007 ikizidishwa kwa yenyewe bado inaenea biti 64. RSA yako ikiwa na moduli ndefu kuliko hiyo basi weka x kwenye moduli na kwenye msingi, umbo libaki lilelile.

Mzizi ni mtindo huohuo wa kuunganisha. %: (ndio mzizi wa pili) peke yake kwenye namba isiyo mraba kamili lazima iende floti, itaenda wapi kwingine. Ila <.@%: kama kitenzi kimoja inabaki kwenye namba kamili:

   <.@%: 2*10x^40
141421356237309504880

Hizo ni tarakimu za mzizi wa 2, zote za kweli. Ukiweka nafasi badala ya @, yaani <. %: basi mzizi unatoka floti kwanza halafu ndio unakatwa, tarakimu za mwisho zimeshaenda. Herufi ni ileile, tofauti ni @ tu.

Kuhusu kasi kwa ujumla, namba za x hazikai zimepangana kwenye kumbukumbu kama za biti 64, kila moja ina kipande chake pembeni, ndio maana safu ya milioni moja ya x inatembea wakati ya kawaida inakimbia. Mimi nafanya kazi yote kwa za kawaida, naingiza x pale tu ninapojua zitavuka, na kabla ya kutoa jibu naangalia 3!:0. Ikisema 8 mahali nilipotegemea 64 narudi nyuma kutafuta nani kaleta desimali, na mara nyingi ni mtu kaandika 1e9. Badala yake andika 10x^9 uondoe shaka.

apl_wa_zamani:
Hiyo ya 1e9 ibandikwe juu kabisa ya jukwaa.

mpenda_safu:
Imetoka 1, feni kimya. Nafunga mstari wa funguo sasa, nikikwama kwenye kutafuta namba tasa kubwa narudi humuhumu.

fundi_mkongwe:
Hilo halina kukwama, 4 p: n inakupa namba tasa inayofuata baada ya n, hiyo n iandike na x mwishoni.